Tupeane uzoefu: Siku umesoma kichekesho na mtoto hakucheka

Nyar_Kano: Jana usiku nilikuwa na binti yangu wa gredi ya pili, tunasoma hadithi ya Sungura na Fisi. Tumefika pale Fisi anapokubali kufungwa kamba, mimi nimeshaanza kucheka, yeye kanikazia macho. "Mama, Fisi hajui anadanganywa?" Hajui. "Si umwambie." Nikakosa la kusema. Walimu, wazazi, nyinyi huwa mnafanyaje?

Mwalimu_Nyalenda: Umenitonesha kidonda. Gredi ya tatu, watoto 58, afisa wa elimu amekaa nyuma na daftari lake. Somo ni vitawe, yale maneno yenye maana zaidi ya moja, na usiku nilikuwa nimetunga kihadithi, nikajiona fundi. Mama anapika wali wa nazi, anamtuma mwanawe: "Niletee mbuzi jikoni." Kijana anarudi akiburuta beberu. Nikanyamaza hapo kusubiri kicheko. Kimya. Nikacheka peke yangu, jameni, kicheko chenye mwangwi! Mvulana mmoja akainua mkono: "Mwalimu, kosa lake ni nini? Mbuzi wa dana hulala jikoni." Dana ni bibi. Darasa likaitikia, hata kwao ni hivyo. Ndipo nikang'amua hakuna hata mmoja aliyewahi kuona mbuzi ya kukunia nazi. Nazi wanaijua ya vipande, ile inayouzwa stendi. Nikachora ubaoni, ikatoka kama kitanda. Afisa akaandika, akafungua ukurasa mwingine, akaandika.

BabaPacha_Nakuru: Kitanda 😂😂

Mkunazi: Mimi ni wa Mombasa, mniwie radhi. Mbuzi *yangu* hukuna nazi, mbuzi *wangu* hula majani. Huko bara vyote ni "mbuzi yangu". Ngeli ikifa, mzaha huo utasimama wapi?

BabaPacha_Nakuru: Mmeanza tena. Mtoto wa Kaptembwo hapa Nakuru hiyo mbuzi isiyokula ataionea wapi?

Mkunazi: Hata simba hajamwona, lakini anamjua. Picha zipo, bwana.

Shangazi_Lanet: Fungueni uzi wenu wa ngeli. Nyar Kano, usimweleze. Mzaha ukishaelezwa ni maiti.

Mwalimu_Nyalenda: Sikubali, shangazi. Mimi siku hizi husoma mara mbili. Ya pili nasimama katikati nauliza: sisi tunajua nini ambacho Fisi hajui? Hapo ndipo huanza kuchekelea, kwa sababu wanajua siri. Huyo binti hana shida yoyote, ameshaiona siri. Anamhurumia Fisi tu.

Omena_Kavu: Mwanzie na Apuoyo, sungura wetu wa Dholuo, Sungura wa Kiswahili atamfuata baadaye. Hata serikali inasema wadogo wafundishwe kwa lugha ya nyumbani.

Mulembe_Lurambi: Ngojeni niwaambie ya mpwa wangu, miaka saba. Nilimsomea ile ya Sungura kumhadaa Simba ashikilie mwamba usiwaangukie. Hakutabasamu. Nikasema huyu ni mzito. Jumapili tuko kwa kukhu, yaani bibi, kuku yuko jikoni, mara tunasikia: "Kukhu! Ukuta unaanguka, shika!" Mama wa watu akatupa mwiko, akaegemea ukuta wa udongo kwa mikono miwili. Kijana: "Shikilia hivyo hivyo, nakimbia kuleta mti wa kuegemezea!" Tulimkuta nyuma ya choo. Na imondo.

BabaPacha_Nakuru: IMONDO???

Omena_Kavu: Ya babu?! Wueh. Alichapwa ngapi?

Shangazi_Lanet: Achapwe kwa nini? Ameelewa hadithi kuliko sisi wote.

Omena_Kavu: Kuelewa ni kuelewa, wizi ni wizi.

Mkunazi: Imondo ni nini?

BabaPacha_Nakuru: Firigisi, mzee wa ngeli. Kwa Waluhya hiyo ni ya mwenye boma.

Nyar_Kano: Sasa kukhu alisemaje?

Mulembe_Lurambi: Alicheka mpaka akaketi chini, mikono bado ina matope. Babu aliambiwa imondo imeliwa na paka. Hadi leo huyo paka akipita, mzee humtupia kiatu.

Nyar_Kano: Binti yangu yuko hapa nyuma yangu anasoma. Amecheka! Halafu anasema babu aambiwe ukweli, paka anaonewa.