Kibodi isiyo na waya kwenye Linux: hizo amri niandike na nini?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Salamu zimeisha, sasa nina hasira.

Nataka mmoja wenu mnaoandika miongozo ya Linux, ule mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, anijibu. Kila mwongozo wa kuunganisha kibodi ya Bluetooth unaanza hivi: "Fungua teminali, andika bluetoothctl." Yaani nifungue dirisha la kuandikia amri, niandike amri ya kuunganisha Bluetooth. Niandike na nini? Kibodi ndiyo hiyo haijashika! Na mausi iliyokuja nayo ni ya Bluetooth pia, kwa hiyo hata hiyo teminali sina cha kuifungulia. Nimesoma miongozo mpaka macho yameuma, hakuna hata mmoja unaosema pale juu kabisa, kwa herufi kubwa: KABLA YA YOTE TAFUTA KIBODI YA WAYA. Wangeandika hivyo tu, pesa yangu ningekuwa nayo mpaka leo.

Mimi nina kibanda cha kuchapa hapa Arua, Uganda. Barua, CV, fotokopi, picha za pasipoti, kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Kompyuta ni ya mezani na natumia Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kwa sababu flashi za wateja zinakuja na virusi vya kila aina na Windows ya halali bei yake siiwezi. Shida yangu ilikuwa waya. Meza ni ndogo, mteja akisogeza kiti anavuta waya, kibodi inaenda, chai inamwagika. Nikaagiza seti ya Bluetooth kwenye duka moja la Kampala, ikaletwa na basi la usiku. Kabla ya kutuma pesa nilimpigia muuzaji nikamuuliza waziwazi: inafanya kazi na Linux? Akajibu, "Dada, hiyo ni ya kompyuta zote, unawasha tu inashika." Kwenye boksi imechorwa Windows, imechorwa Mac, imechorwa simu. Linux haipo, na boksi alikuwa nalo yeye mkononi wakati ananijibu!

Nikaenda kuazima kibodi ya waya kwa majirani wa SACCO. Haya, bluetoothctl. Nikaandika power on, nikaandika scan on, kibodi ikaonekana na jina lake, nikaandika pair. Skrini ikatoa neno Passkey na namba sita, kisha kimya. Nasubiri. Ikakataa. Narudia, inatoa namba nyingine, kimya, inakataa. Mwongozo unasema tu "kisha zitaungana". Kumbe zile namba sita unatakiwa kuziandika kwenye ile kibodi mpya, ambayo bado haijaungana, halafu ubonyeze Enter kwenye hiyohiyo mpya, kabla muda haujakwisha. Mtu wa kawaida angejuaje? Sentensi moja hiyo ingemchosha nini aliyeandika? Halafu usipoongeza amri ya trust, ya kuiambia kompyuta iiamini hiyo kibodi, ukiwasha kompyuta kesho yake kibodi yako inakaa kama mgeni. Hilo nalo nimelikuta chini kabisa, kwenye maoni, limeandikwa na msomaji aliyechoka kama mimi.

Adapta ya Bluetooth sitaisema sana. Zile ndogo za bei rahisi nyingi ni nakala za chipu ya kampuni ya CSR, zote zinajitambulisha kwa namba 0a12:0001, na kerneli, yaani kiini cha Linux, ina msimbo wake maalumu wa kuzivumilia. Ukisoma dmesg, zile kumbukumbu za kerneli, utaona imeandikwa wazi kuwa ni "clone". Yaani hata kompyuta inajua nimeuziwa feki.

Lakini hayo yote ningeyameza. Kilichonileta hapa ni umeme.

Diski yangu nimeifunga kwa LUKS, kufuli ya paswadi ya Linux. Humo kuna nakala za vitambulisho vya watu, na Uganda sheria ya kulinda taarifa binafsi ipo tangu 2019, sitaki mtu abebe kompyuta yangu usiku halafu mimi ndiye niulizwe. Sasa ukishafunga diski, kompyuta ikiwaka inaomba paswadi kabla Ubuntu yenyewe haijaamka. Kile kipande kidogo kinachoamka kwanza, initramfs, kinaijua kibodi ya USB, lakini huduma ya Bluetooth hakinayo. Na ile siri ya kuoanisha kibodi na kompyuta inahifadhiwa wapi? Kwenye /var/lib/bluetooth. Ambayo iko wapi? Ndani ya diski iliyofungwa! Kibodi inasubiri diski ifunguliwe, diski inasubiri kibodi iandike paswadi.

Mnaokaa Arua mnaujua umeme wetu. Unakatika, unarudi, unakatika. Kila ukirudi kompyuta inasimama pale kwenye paswadi na mimi nakimbia SACCO. Siku moja alikuwepo mzee mmoja, afande mstaafu, anasubiri barua ya kufuatilia pensheni yake. Nilikuwa nimebakiza aya ya mwisho, umeme ukaondoka. Uliporudi, skrini ikaomba paswadi. Mimi napiga kibodi, haitoi hata kinyota kimoja. Mzee akaiangalia kibodi, akaniangalia mimi. "Binti, imekufa?" Nikamwambia, "Hapana mzee, haijaamka." Akasema, "Kambini tulikuwa na taipureta. Ile hailali." Wateja wakacheka, na mimi nikafunga mlango nikaenda SACCO. Nao walikuwa wameshafunga kwenda kula.

Basi nikanunua seti ya pili, yenye risiva yake ya USB, kile kidude kidogo cha kuchomeka kinachopokea mawimbi ya kibodi. Hii kweli paswadi inaandika, kwa sababu kompyuta inaiona kama kibodi ya kawaida ya USB, mambo ya kuoana yanamalizwa na risiva yenyewe. Nikadhani nimepona. Nikaichomeka nyuma, pembeni ya tundu la buluu lenye diski ya nje. Mausi inarukaruka, kibodi inakula herufi. "Mheshimiwa" inatoka "Mheimiwa", na barua inaenda ofisini kwa mkuu wa wilaya! Sababu inajulikana zamani: Intel wenyewe walichapisha mwaka 2012 kwamba USB 3.0, ndiyo hayo matundu ya buluu, inatoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz, na risiva hizi zinaongea humohumo. Dawa ni waya wa kurefusha USB ili risiva ikae mbali na tundu lile. Waya! Nimenunua kibodi isiyo na waya, nikainunulia waya.

Na risiva ikipotea je? Kwa seti nyingi za bei rahisi, umepoteza na kibodi, maana hakuna njia ya kuifundisha risiva nyingine, na ikiwepo, programu yake ni ya Windows tu. Logitech angalau wana risiva ya Unifying ya tangu 2009, inabeba vifaa hadi sita, na watu wa Linux wakajitengenezea programu ya Solaar ya kuoanisha na kusoma chaji ya betri. Lakini angalia alama kwenye risiva kabla ya kulipa: mwaka 2021 walileta Logi Bolt, na kifaa cha Bolt hakikubali risiva ya Unifying.

Seti ya risiva nayo ina lake. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya usalama ya Bastille walionyesha udhaifu walioupa jina MouseJack: mtu aliye mbali anaweza kuipelekea risiva yako herufi kana kwamba wewe ndiye unayechapa, kwa kuwa risiva nyingi zilikuwa zinapokea ishara za mausi bila kuzificha kwa siri yoyote. Baadhi ya watengenezaji walitoa marekebisho, na kwenye Linux programu ya fwupd inaweza kuyaweka. Ya kwangu haina hata jina la mtengenezaji, hayo marekebisho yatoke kwa nani?

NYONGEZA, maana naona mnajibu bila kusoma.

Aliyesema nitumie kibodi ya kwenye skrini: unaibonyeza kwa mausi. Mausi ndiyo hiyo haijashika. Soma tena.

Aliyesema ni powertop, ile programu ya kubana umeme: asante, wewe umesema la maana. Ile seti ya risiva ilikuwa inalala kila nikipumzika kidogo, herufi ya kwanza inapotea. Nilikuwa nimeweka powertop --auto-tune ijiendeshe yenyewe kila kompyuta ikiwaka, na yenyewe inalaza kila kitu cha USB bila kuuliza ni nini. Nimeitoa, herufi zimerudi.

Aliyesema nirudi Windows: utanilipia leseni?

Aliyesema nipakue toleo jipya kabisa la Ubuntu, huenda wamerekebisha: GB kadhaa kwa bando la simu, na bando tunakatwa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Na hata ukilipakua, diski iliyofungwa inabaki imefungwa.

Na wewe unayesema "Linux ni bure, unalalamikia nini", kibodi sikupewa bure. Halafu msiniambie jambo hili haliwezekani. Raspberry Pi OS, Linux ya kile kikompyuta cha Raspberry Pi, tangu Aprili 2022, ukiiwasha mara ya kwanza bila kibodi, ukurasa wa maandalizi wenyewe unatafuta kibodi na mausi za Bluetooth zilizo karibu na kuziunganisha, hakuna teminali hakuna nini. Kikompyuta cha kutosha kiganjani kinaweza, hii yangu ya mezani inashindwa nini?

Kwa hiyo seti ya Bluetooth nauza, boksi lipo, betri zipo. Mwenye Raspberry Pi anitumie ujumbe, kwake itashika.