Modemu zinaitikiana kisha laini inakatika, naomba ushauri

Habari za jioni wakuu. Nipo Tanga, naishi Chumbageni, ofisi yetu ipo upande wa bandarini. Nataka kuvuta mafaili ya hesabu kutoka kompyuta ya ofisi usiku nikiwa nyumbani, kwa laini ya simu ya waya. Pande zote ni Windows XP na modemu ya 56k, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu.

Nikipiga, ya ofisini inapokea, zinakwaruzana kama kawaida yake, halafu kimya, laini imekata. Ikibahatika kushika inasoma spidi ya 26,400 (biti kwa sekunde), faili likifika katikati inakata tena. Mvua ikinyesha ndiyo usiseme.

Nimebadilisha waya, nimechomoa simu ya mezani, huduma ya kusubirisha simu nimeizima. Bado. Najua modemu mbili za analogi hazivuki 33,600, kwa hiyo spidi siililii, nataka isikate tu.

Laini ya ofisini inapitia suichibodi (mtambo wa kugawa simu za ofisini), na hapo ndipo ninapopatilia shaka. Je, niombe laini ya moja kwa moja? Na kuna amri ya kuilazimisha modemu ianze na 14,400?