Visheti na pipi za Idi za watoto: mtu mzima afanyeje asidokoe usiku?

Kabati limejaa kashata, visheti, ubuyu na pipi. Watoto wakilala, wazazi wanaanza kudokoa. Mbinu gani inafanya kazi kweli?

Jibu 1
Gawa siku hiyohiyo. Kila mtoto bahasha tano, kila moja kashata 2 na pipi 3, jina na siku juu, kisha piga stepla. Bahasha iliyofunguliwa inajionyesha. Mfuko mmoja mkubwa hauna hesabu, ndiyo maana unaisha.

Jibu 2
Naongezea: visheti vipoe kabisa kabla ya kufunikwa. Vikifungwa vya moto, mvuke unavilegeza, halafu mtu anavimaliza "visiharibike" (kisingizio kikubwa hicho!). Tumia kopo la maziwa, si chupa ya kioo inayoonyesha kilichomo, na liwe mbali na jiko. Kashata za nazi zitie friza.

Jibu 3
Shibeni kwanza: maharage au samaki usiku. Ukitaka kashata, moja tu, na kahawa chungu. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari isizidi takriban gramu 50 kwa siku, kama vijiko 12 vya chai. Vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, vimeshakula 9 kati ya hivyo.