Tupeane uzoefu: Mtoto kaandika hadithi yake, unamsaidiaje kuipitia upya mpaka iwe kitabu?

Mleta mada

Wadau, naanza na kosa langu mwenyewe ili mnaonicheka mcheke mapema.

Binti yangu ana miaka 9. Aliandika hadithi ya kurasa tatu kuhusu mbuzi aliyekataa kufungwa kamba. Mimi kwa mapenzi ya baba nikaichukua usiku, nikaichapa kwenye kompyuta, nikanyoosha sentensi, nikaongeza mwisho wenye mafunzo, nikaweka na picha ya mbuzi kwenye jalada. Asubuhi nikampa kama zawadi. Akaisoma kimya mpaka mwisho, akanirudishia. "Baba, hii ni ya nani?" Hakuwa anatania. Huu mwezi wa nne hajaandika kitu.

Nyie mnafanyaje? Walimu, wazazi, hata wewe uliyewahi kuwa mtoto wa namna hiyo, karibuni.

Mwalimu wa darasa la nne

Pole, mzazi mwenzangu. Kosa hilo sisi walimu ndio mabingwa wake, ila letu lina wino mwekundu. Miaka mingi nimesahihisha insha mpaka usiku, nikigawa madaftari mtoto anatazama alama, anafunga. Kazi yote ile ya kuhariri nilikuwa naifanya mimi, kwa hiyo aliyekuwa anajifunza kuhariri ni mimi.

Siku hizi siandiki chochote kwenye rasimu ya mtoto. Nauliza swali moja, basi. Kuna kijana aliandika: "Tukafika mtoni, tukaogelea, tukarudi." Nikamwuliza, nani aliingia majini wa kwanza? Weee! Akaanza: hakuna aliyetaka kutangulia, mmoja kiatu chake kikachukuliwa na maji, ikabidi wamfuate, ndiyo maana wote walilowa. Akamaliza huku anahema. Nikamwambia, "Hayo yote humu hayamo." Akaitazama karatasi kama vile kuna mtu kayaiba. Akarudi kukaa, na ile sentensi moja ikawa ukurasa mzima.

Kitu kingine kilichonisaidia ni ile -ka-. Mtoto yeyote akianza kusimulia ni "akaamka akanawa akatoka akakutana akakimbia", treni isiyo na kituo. Nawaambia wapigie mstari kila kitenzi chenye -ka-, kisha wachague kimoja tu ambacho treni ingepaswa kusimama, wakae hapo: palikuwaje, nani alisema nini, kulisikika nini. Vingine viache vipite. Wanaelewa kuliko nikiwaambia "fafanua zaidi", maneno ambayo hata mimi nilipokuwa mwanafunzi sikujua yana maana gani.

Na hili ni la vitendo zaidi: rasimu iandikwe upande mmoja wa karatasi, mstari mmoja uandikwe, unaofuata urukwe. Mtoto akitaka kuongeza, nafasi ipo. Akitaka kuhamisha aya, anachukua mkasi na gundi. Nilikuwa nadhani watoto wanachukia kufikiri upya. Kumbe wanachukia kunakili upya! Ukiwaondolea adhabu ya kunakili kurasa tatu kwa ajili ya sentensi mbili, nusu ya ubishi unaisha.

Mama mapacha

Nimecheka hapo kwa treni. Kwangu mmoja wa mapacha ana ugonjwa mwingine: "Ghafla nikaamka, kumbe nilikuwa naota." Hadithi kumi, ndoto kumi. Joka likimkaribia tu, anaamka.

Sikumkataza. Nilimwambia pacha wake aisome kwa sauti, mwandishi anyamaze tu, asieleze chochote. Yule akasoma kwa hamu, akafika mwisho, akaitupa karatasi: "Umenidanganya!" Walikasirikiana mpaka jioni, nikajuta. Lakini kesho yake mwandishi alikuwa anahangaika namna ya kulitoa lile joka bila usingizi. Mimi ningesema hivyo hivyo asingenisikiliza.

Mkutubi

Naomba nichangie upande wa kuchapisha, maana wengi wanadhani ni pambo la mwisho. Kwa maoni yangu ndilo linalofanya mtoto akubali kurekebisha.

Mfaransa Célestin Freinet alirudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia na jeraha la mapafu, akawa hawezi kuhutubia darasa kwa muda mrefu. Mwaka 1924, katika shule ya kijiji cha Bar-sur-Loup, akaingiza mashine ndogo ya kuchapia. Watoto waliandika habari zao, wakapiga kura ipi ichapwe, wakaiboresha pamoja ubaoni, kisha wakapanga herufi za chuma moja moja kwa mikono. Fikiria wewe ndiye unayepanga: neno lisilo na kazi unaliona mara moja, kwa sababu linakuchosha vidole. Na kurasa zile zilitumwa kwa watoto wa shule nyingine ya mbali, ambao hawakuwa na sababu ya kuwasifia bure.

Sisi hatuhitaji mashine. Karatasi moja ya A4 inatoa kitabu cha kurasa 8: ikunje mara tatu upate vyumba 8, ifungue, ikunje nusu ukiunganisha pande fupi, kata kutoka kwenye mkunjo kwenda katikati, ifungue, ikunje nusu ukiunganisha pande ndefu, kisha sukuma ncha mbili zielekeane, kurasa zitajikunja zenyewe. Jalada la mbele na la nyuma yakitoka, hadithi inabaki na kurasa 6. Hapo ndipo mtoto anauliza swali la mwandishi kweli: nini kisomwe kabla msomaji hajafunua, na nini akikute baada ya kufunua? Ukitaka kikubwa zaidi cha kubana kwa stepla, kumbuka kila karatasi iliyokunjwa ina kurasa 4, hivyo panga 8, 12 au 16, la sivyo utabaki na kurasa tupu.

Mwisho wa kitabu naacha ukurasa mmoja mtupu wa wasomaji kuandika. Watoto huufungua huo kwanza.

Mjomba mtu

Mimi napinga kidogo. Siyo kila hadithi ichokonolewe. Mpwa wangu anaandika kumi, anachagua moja ya kushughulikia, tisa zinakaa kwenye faili zilivyo na makosa yake. Ukimlazimisha kurekebisha zote, ataandika fupi fupi ili kazi iwe ndogo. Watoto wana akili bwana.

Na tahajia ije mwisho kabisa. Lakini ije! Nimeona watu wanasema "tusimvunje moyo", kitabu kinatoka na "kwasababu" na "ni me kwenda" na "apa" badala ya "hapa". Msomaji naye ana haki zake. Sisi tunachukua makosa ya aina mbili tu kila kitabu, anayatafuta mwenyewe akisoma kuanzia sentensi ya mwisho kurudi ya kwanza, ili hadithi isimbebe. Yaliyobaki namwonyesha mimi, kama mhariri yeyote.

Mwalimu wa darasa la nne

Mjomba, hapo kwenye kumi kwa moja nakubali kabisa, nabadilisha wiki ijayo.

Niongeze tahadhari. Mwaka fulani nilibandika hadithi zote ukutani. Mojawapo ilikuwa ya ugomvi wa nyumbani, majina kamili. Mzazi alikuja kuiona mbele ya wazazi wengine. Sitaki kuelezea zaidi. Tangu hapo namwuliza mtoto kila mara: nani atasoma, na uko tayari wasome? Majina ya watu tunayabadilisha.

Kwa wanaotaka kuweka mtandaoni, kuna majukwaa kama StoryWeaver la Pratham Books (wachapishaji wa vitabu vya watoto wa India), lililoanzishwa 2015. Hadithi humo ziko chini ya leseni huria, maana yake mtu mwingine anaweza kuitafsiri au kuibadilisha. Mweleze mtoto hilo kabla, siyo baada. Tumia jina la kwanza tu au la kubuni, bila picha yake wala jina la shule.

Mleta mada

Asanteni. Mrejesho: rasimu yake ya kwanza niliikuta, sikuwa nimeitupa. Nimemrudishia, nikamwomba radhi, nikamwuliza swali moja tu: ile kamba mbuzi aliikataaje?

Kasema hajui, atafikiria. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Leo natafuta mkasi nyumba nzima siuoni, na mlango wa chumba chake umefungwa.