Mafundi wa kompyuta hapa Mwanza, acheni kuwawekea watu vifaili vya .bat msivyovielewa!

Wakuu, heshima kwenu. Huu ni uzi wa malalamiko, anayetafuta utani asiendelee kusoma. Nimetoka Kirumba muda si mrefu, damu inachemka, na naandika sasa hivi kwa makusudi kwa sababu nikilala nikaamka nitaanza kuwaonea huruma. Ni watu wa fani yangu hawa, wengine tunanunua vifaa duka moja pale Makoroboi.

Kuna tabia imeota mizizi mjini hapa. Fundi anaitwa ofisini, anakaa nusu saa, anaacha kifaili cha .bat kwenye desktopu (yaani skripti, orodha ya amri ambazo Windows inazitekeleza moja baada ya nyingine), anasema "mama, ukibofya hapa mambo yote yanajiweka sawa", anachukua hela yake, anapotea. Hakuna maelezo, hakuna karatasi, hakuna chochote. Ukikifungua kwa Notepad unakuta mistari sita aliyoiokota mtandaoni akabadilisha herufi mbili tatu. Ukimpigia kumuuliza mstari wa tatu unafanya nini, anaanza kukohoa.

Kisa cha leo ni hiki. Kuna mama mmoja anafanya biashara ya dagaa Mwaloni, lile soko la samaki la Kirumba. Siyo mtu mdogo, anapokea mzigo kutoka visiwani na anauza kwa wateja wa ndani na wa nje ya nchi. Wanaoijua biashara ile wanajua kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapumzika, na hapo ndipo watu wanakaa kupiga mahesabu: nani alichukua fedha ya mafuta, nani ameleta magunia mangapi, nani anadaiwa. Mahesabu yote ya huyu mama yapo kwenye Excel, ndani ya flashi moja, kwa sababu karani wake anafanya kazi kizimbani kwa laptopu na baadaye ofisini kwa kompyuta ya mezani.

Mama akasikia habari za bakapu, yaani nakala ya akiba, akafanya jambo la maana, akaita fundi. Fundi akamtengenezea faili linaloitwa bakapu.bat na kulipangia lijiendeshe lenyewe kila siku saa kumi na moja jioni. Hili hapa, nimelinakili lote kama lilivyo:

@echo off
taskkill /f /im excel.exe >nul
robocopy E:\ D:\BAKAPU /MIR >nul
echo BAKAPU IMEKAMILIKA MUNGU NI MWEMA
ping localhost -n 4 >nul
exit

Msicheke. Tuusome mstari kwa mstari, maana hasira yangu yote imo humo.

Mstari wa kwanza hauna kosa peke yake. Unazuia amri zisijionyeshe kwenye lile dirisha jeusi wakati zinatekelezwa. Kila mtu anautumia, hata mimi. Tatizo ni kuuchanganya na ule mkia wa >nul, ambao unatupa shimoni kila kinachosemwa na amri yenyewe. Ukiviweka vyote viwili kwenye skripti ya bakapu umemziba mtu macho na masikio. Robocopy, ile amri ya kunakili iliyo mstari wa tatu, kwa kawaida inaongea sana: inataja kila faili, na mwisho inatoa jedwali la yaliyonakiliwa, yaliyorukwa, yaliyoshindikana na yale ya ziada. Jedwali hilo lingeokoa kila kitu. Fundi akaona linachafua dirisha.

Mstari wa pili nilipouona nilisimama kwenye kiti. taskkill /f maana yake programu inauawa hapo hapo, haipewi nafasi ya kuuliza kama uhifadhi kazi au la. Fundi alihofia faili lililo wazi lisinakilike vizuri, sawa, hofu yake ina maana. Lakini angemwambia karani! Yule dada kwa muda mrefu amekuwa akiona Excel inapotea machoni pake jioni, na kila alichoandika tangu alipohifadhi mara ya mwisho kinakwenda nacho. Alidhani ni umeme. Akamwambia mama anunue betri ya kulinda kompyuta, mama akanunua. Fedha imetoka kwa ajili ya mstari mmoja wa skripti ambao hakuna aliyeambiwa kuwa upo.

Sasa mstari wa tatu. Robocopy ni chombo kizuri, kipo ndani ya Windows tangu Vista, wala huhitaji kupakua chochote. Ila /MIR siyo "nakili". /MIR inafanya folda la pili lifanane na la kwanza kabisa kabisa: kilichopo kwenye chanzo kinakuja, na kisichokuwepo kwenye chanzo kinafutwa kule kunakopelekwa. Haiulizi. Haipeleki kwenye pipa la takataka. Inafuta.

Na chanzo alichoandika ni E:\ tupu. Siyo E:\MAHESABU, ni mzizi wa diski yoyote itakayokuwa imepewa herufi E wakati huo. Windows haina mkataba na flashi ya mama kwamba E ni yake milele. Ukiichomoa ukaweka nyingine, hiyo nyingine inaweza kuchukua herufi ile ile, na skripti haitajua tofauti.

Mnaona tunakoelekea. Flashi ya mahesabu ilianza kusumbua, ukiichomeka kompyuta inadai iformatiwe. Karani hakubishana nayo, akaichomoa, akamwambia mama "usiwe na wasiwasi, bakapu ipo". Na kweli ilikuwepo, wakati ule anaongea mahesabu yote yalikuwa yamelala salama ndani ya D. Jioni kijana mmoja wa kupakia magunia akaomba achaji simu na asikilize nyimbo kidogo, akachomeka flashi yake ya singeli. Ikapewa E. Saa kumi na moja ikafika.

Asubuhi mama anafungua folda la bakapu anakuta singeli. Singeli tu, na video moja ya harusi. Madeni ya wavuvi, stakabadhi, mizigo iliyokwisha lipiwa na ambayo bado, vyote vimefutwa kwa utii mkubwa. Na kwenye kioo jioni ile dirisha jeusi lilitokea likasema MUNGU NI MWEMA.

Huo mstari wa nne ndio ulionitoa machozi ya hasira. Haujafungwa na sharti lolote! Unachapishwa hata kama diski imejaa, hata kama flashi haipo, hata kama hakuna hata faili moja lililonakiliwa. Robocopy inaacha namba ya matokeo kila inapomaliza. Ukipata 0 hapakuwa na cha kunakili, ukipata 1 mafaili yamenakiliwa vizuri, namba zilizo chini ya 8 siyo kushindwa, kuanzia 8 kwenda juu kuna jambo limeharibika. Ukiandika "if errorlevel 8" unapata kuanzia 8 kwenda juu, ndivyo amri hiyo inavyopima. Mstari mmoja! Angeuweka, siku flashi haipo kabisa mashine ingepiga kelele badala ya kusifu.

Isingemwokoa na ile ya singeli, najua, kwa sababu kwa robocopy ile ilikuwa kazi iliyofanikiwa. Kwa hiyo kulihitajika na mlango mwingine mbele: weka faili dogo kwenye flashi halisi, tuseme E:\MAHESABU\alama.txt, halafu juu kabisa uandike "if not exist" kwa faili hilo, ikikosekana skripti iseme "hii siyo flashi ya ofisi", ifike kwenye pause, kisha exit. Nyimbo za yule kijana zisingekuwa na alama.txt. Hata angeandika tu E:\MAHESABU badala ya E:\, robocopy ingekuta folda halipo, ingegoma, na D ingebaki kama ilivyo.

Amri pause na rem zina umri kuwazidi wengi wetu humu, zimekuwepo tangu DOS ya 1981. rem inakuwezesha kuandika maelezo ya binadamu ndani ya skripti, kompyuta inayaruka. pause inasimamisha mambo mpaka mtu abonyeze kitufe. Faili zima la yule bwana halina rem hata moja. Anajua kutumia ping kama saa ya kusubiri, ujanja wa zamani huo, ila hajui kuandika "hapa nafuta".

Na siyo huyu peke yake. Kuna steshenari moja maeneo ya Nyegezi, wanafunzi wanajazana pale kuchapa ripoti, na mjuaji mmoja amewawekea "safisha.bat" eti kompyuta iwe nyepesi. Ndani mna cd D:\MUDA halafu del /f /s /q *.* chini yake, yaani hamia folda la MUDA, kisha futa kila faili. Sasa nisikilizeni, hili limewaumiza wengi: amri cd bila /d haikuhamishi kutoka diski moja kwenda nyingine. Upo C, ukaandika cd D:\MUDA, unabaki C. Wala haikuambii. Amri inayofuata inafuta pale pale uliposimama, na ukibofya faili la .bat mara mbili umesimama kwenye folda ambamo faili hilo limekaa. Lilikuwa limekaa kwenye desktopu. Na desktopu ya steshenari mnaijua, ndiko kazi za wateja zinakotupwa zote. /s inaingia na kwenye mafolda ya ndani, /q inanyamaza, /f inafuta hata zilizowekwa kinga ya kusomwa tu. Binti mmoja alikuwa ameacha sura nzima za utafiti wake pale akaenda kula. Aliporudi alikuta desktopu nyeupe na kijana wa steshenari anamwambia "labda ni virusi, dada".

Virusi! Kila uzembe siku hizi ni virusi.

Tukiwa hapo hapo: ile "dawa ya flashi" mnayouza. Flashi ikiingiliwa na vile virusi vya shotikati, mafolda ya mteja mara nyingi hayajafutwa, yamefichwa. Yamepewa alama za siri na za mfumo, kisha pakawekwa shotikati zenye majina yale yale. attrib -h -s -r /s /d ikielekezwa kwenye flashi hiyo inayarudisha hadharani, ni suala la dakika chache. Mnajua hilo, na bado kuna watu wanaformati kwanza, halafu wanamwuzia mteja huduma ya kurejesha data. Mnaofanya hivyo mnajijua.

Nyongeza, baada ya kusoma majibu ya mwanzo:

Kwa mkuu aliyeandika "makosa ni ya karani, angetunza nakala nyingine". Karani ameajiriwa kuandika magunia. Fundi ndiye aliyelipwa ili kuwe na nakala. Tusiwarushie mzigo watu waliotuamini.

Kwa anayesema nihamie PowerShell, ile lugha mpya zaidi ya amri za Windows. Ipo tangu 2006, ni nzuri, naitumia. Lakini mtu asiyejua /MIR inafuta atafuta vizuri zaidi na PowerShell, tena kwa kasi.

Mwingine ameuliza mbona amri ya for ikikubali kwenye dirisha jeusi inakataa akiiweka kwenye faili. Mkuu, kwenye dirisha unaandika %i, ndani ya faili unaandika %%i. Na ukiweka set x = 5 ukiacha nafasi kabla ya alama ya sawasawa, umetengeneza jina lenye nafasi mwishoni, ukiita %x% hupati kitu. Haya yasomwe kabla ya kwenda kwa mteja, siyo ukiwa kwa mteja.

Aliyeuliza kuhusu %date% kwenye majina ya mafolda: inafuata mpangilio wa tarehe wa kompyuta husika, mashine moja inaanza na siku, nyingine mwezi, na ikiwa na mikwaju (/) amri inaweza kugoma au ukaishia kuunda folda ndani ya folda. Usiitegemee kwenye kompyuta ya mtu mwingine.

Wanaouliza kama mahesabu ya mama yamepatikana: diski ni ile ya zamani ya kuzunguka, ambayo kilichofutwa hubaki mpaka kiandikwe juu yake, kwa hiyo nimeizima kisiandikwe tena chochote, na ninaisoma kutoka mashine nyingine. Baadhi ya mafaili yanajitokeza, mengi bila majina, mengine nusu. Singeli imekaa juu ya sehemu fulani na hizo hazirudi. Karani ameanza kuingiza upya kutoka kwenye vitabu vya stakabadhi, bahati nzuri mama ni mtu wa kizamani, hatupi karatasi.

Aliyeuliza namna ya kujaribu /MIR bila kuua mtu: ongeza /L mwishoni mwa amri ile ile, bila >nul. Robocopy itaorodhesha kila ambacho ingenakili na kila ambacho ingefuta, bila kugusa hata kimoja. Soma orodha yote, halafu ndio uitoe /L.

Na mwenye skripti aliyowekewa na fundi, akitaka tuisome pamoja, aibofye kwa kitufe cha kulia achague kuihariri, ASIIBOFYE MARA MBILI, kisha abandike maandishi hapa. Siyo picha ya kioo iliyopigwa kwa simu kiubavu. Na kama kuna neno la siri ndani, litoeni kwanza, kuna mmoja ameshaweka la ofisi yao hapo juu. Mkuu, futa hilo jibu lako upesi.