294409 inapita jaribio la Fermat, lakini programu nyingine inasema si tasa

mod_n: Wakuu, nina kodi fupi (msimbo wa programu) ya kupima namba tasa. Nachagua a, natafuta baki ya a^(n−1) ikigawanywa kwa n. Baki ikiwa 1, n naiita tasa. 294409 imepita kwa a = 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Programu nyingine inaikataa. Ipi niamini?

kigawo_tasa: Iamini hiyo nyingine. 294409 = 37 × 73 × 109. Hii ni namba ya Carmichael, yaani isiyo tasa lakini inayopita jaribio la Fermat, na kigezo chake Korselt alikitoa mwaka 1899: n si tasa, vigawo vyake tasa havijirudii, na kwa kila kigawo tasa p, p−1 inaigawa n−1 bila baki. Hakiki mwenyewe: 294408 ÷ 36 = 8178, ÷ 72 = 4089, ÷ 108 = 2726. Basi a yoyote isiyo na kigawo cha pamoja na n lazima ikupe 1.

Kuongeza a nyingine hakusaidii. Chini ya n ziko a 279936 za namna hiyo, karibu 95% ya zote (na 279936 ni 6^7 kamili, jambo zuri kulitazama). a = 37 ingeikamata, ila ukishaijua 37 jaribio la nini tena?

baki_moja: Hamia Miller–Rabin, jaribio kali zaidi la namba tasa; kodi haibadiliki sana. Toa 2 zote kwenye n−1: 294408 = 2^3 × 36801. Anza na baki ya 2^36801 ikigawanywa kwa n, kisha piga kipeo cha pili hatua kwa hatua, ukichukua baki kila mara. Kwa n hii unapata 512, halafu 262144, halafu 1. Kasoro iko hapo katikati: n ingekuwa tasa, kabla ya 1 ingetangulia n−1, yaani 294408. 262144 siyo.

Tena usiitupe hiyo 262144. KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ya 262143 na 294409 ni 73; KKS ya 262145 na 294409 ni 4033, yaani 37 × 109. Namba imevunjika bila kugawanya kwa kubahatisha.

Kwa n chini ya 3,215,031,751, a = 2, 3, 5 na 7 zinatosha, jibu ni la uhakika. n ikivuka 2^32, angalia kuzidisha: zao linaweza kufurika biti 64 kabla hujachukua baki, na utapata majibu ya ajabu bila onyo lolote.

mod_n: Nimeelewa. Ukiacha Carmichael, inaingia makundi gani?

kigawo_tasa: Witiri, ina vigawo 8: 1, 37, 73, 109, 2701, 4033, 7957 na yenyewe. Ukiiacha yenyewe, jumla ni 14911, ndogo kuliko namba yenyewe, kwa hiyo ni pungufu, tena mno. Halafu ijaribu kodi yako ya zamani kwa 2701, 4033 na 7957 ukitumia a = 2. Zote tatu zinapita.