Turbo ikipata moto, gari inakataa kuwaka (Nakuru)

Swali
Wakuu, nina Forester ya turbo. Nimeongeza busti (mgandamizo wa hewa ya turbo) na kuweka pampu ya mafuta ya lita 255 kwa saa. Asubuhi inawaka mara moja. Lakini nikitoka Kisumu nisimame Kericho kunywa chai, nikirudi stata inazungusha vizuri, injini haishiki. Ikipoa, inawaka kama kawaida. Betri ni mpya. Fundi anataka kubadilisha stata, nami sijaridhika.

Jibu
Usinunue stata, ndugu yangu! Kama inazungusha, imeshafanya kazi yake. Mimi nashuku sensa ya krenki, ile inayoiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka: ikichakaa hupoteza mawimbi kwenye joto, na ikipoa hurudi. Ikikataa tena, piga stata ukiangalia mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika). Kwenye magari mengi huinuka kidogo. Ukilala kabisa kwenye sifuri, anza na sensa na waya zake, hasa zilizopita karibu na turbo.

Jibu
Pampu nayo usiisahau. Ukifungua swichi bila kupiga stata, sikiliza kiti cha nyuma: lazima ilie sekunde chache. Hiyo kubwa hula umeme mwingi kuliko ya kiwandani, na waya wa zamani hupata moto. Ivutie waya mnene kutoka kwa betri, wenye rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na fyuzi yake.

Mwenye swali
Nimeipandisha mlima wa Menengai jioni hii mpaka ikagoma. Pampu inalia, mshale umelala sifuri. Kesho natafuta sensa.